Ikulu na Baraza: Usawiri wa Utawala wa Kimabavu katika Fasihi ya Kiswahili kwa Mintarafu ya Kitui na Makueni

Msomaji anayefungua tamthilia ya kisiasa ya Kiswahili iliyoandikwa nchini Kenya hapati taabu kumtambua dhalimu. Humkuta ofisini mwake au katika kasri lake, amezungukwa na washauri wanafiki na askari wanaongojea amri, katika nchi au mji usiokuwamo katika ramani yoyote. Kithaka wa Mberia aliiita nchi hiyo Butangi katika Kifo Kisimani (2001). Timothy Arege aliuita mji wake Cheneo katika Mstahiki Meya (2009), naye Pauline Kea akaita jimbo lake Sagamoyo katika Kigogo (2015). Kabla yao Katama Mkangi alikwishatumia mbinu hii kwa ujasiri mkubwa zaidi katika riwaya yake ya Walenisi (1995), ambamo Dzombo, baada ya kuhukumiwa, anarushwa hadi nchi ambayo jina lake, likitenganishwa, husomeka kama sentensi kamili: wale ni sisi.

Uhakiki wa kazi hizi umekuwa ukisema jambo lile lile kwa maneno tofauti, yaani kwamba msanii amefumba ili afumbue. Butangi ni Kenya, Sagamoyo ni Kenya, na kazi ya mhakiki ni kuonyesha ulinganifu. Makala haya hayapingi ulinganifu huo. Yanachodai ni kwamba sanaa hii imeshughulikia zaidi nadharia ya utawala usio wa kidemokrasia kuliko utendaji wake. Dhalimu amechorwa vizuri, lakini njia ambayo amri yake hupitia kutoka ikulu hadi mlangoni pa mkulima haikuchorwa. Upungufu huo huonekana mara kazi hizi zinaposomwa zikiwa zimewekwa karibu na mahali mahususi penye historia yake. Mahali panapofaa sana kwa usomaji wa aina hiyo ni Kitui na Makueni.

Wakamba hawakuwa na mfalme. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyefanya utafiti wake Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910 na kuuchapisha katika kitabu kikubwa mwaka 1920, alieleza jamii ambayo mambo yake yaliamuliwa na wazee katika nzama, kwa mashauriano marefu. Utui na si dola ndio uliokuwa mzunguko wa maisha ya mtu. Hata Kivui wa Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui aliyemkaribisha Krapf mwaka 1849, alikuwa mkubwa kwa mali yake, misafara yake na ulimi wake, hakuwa mtemi. Kwa hiyo chifu wa kikoloni hakurithi kiti cha mtu yeyote. Alibuniwa. Sheria ya Mamlaka ya Machifu ya mwaka 1937 ilimpa uwezo wa kutoa amri kuhusu pombe, mikutano, ukataji wa miti na kazi za lazima, na sheria hiyo ilivuka mwaka 1963 ikiwa hai, ikaendelea kutumika hadi ilipofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1997. Uhuru haukugusa uti wa mgongo wa utawala huu. Kutoka katika nyumba ya chifu mkuu Mwendwa wa Kitui walitoka Eliud Ngala Mwendwa, aliyekuwa waziri katika serikali ya Kenyatta, na Kitili Mwendwa, Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 1968. Hayo hayasemwi kwa kuwalaumu watu hao. Yanasemwa kwa kuwa ngazi ya kuingilia katika dola, hata kwa wasomi, ilianzia penye kiti cha chifu.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuwapokonya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo ili kuokoa udongo. Watu wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa na Makueni ndani yake, waliwapita machifu wao, wakaenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, na kukaa huko wakitaka kuonana na gavana. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu. Upunguzaji wa mifugo kwa nguvu ukasitishwa. Linalomhusu mhakiki wa fasihi hapa ni mahali tendo lilipofanyika. Watu walilazimika kuuacha uwanja wa baraza na kwenda mahali pengine ili wapate kusema, kwa sababu barazani hapakuwa na nafasi ya kauli yao. Baraza, kama lilivyoundwa na utawala, lilikuwa ni mahali pa kusikia.

Neno lenyewe lina historia inayostahili kuzingatiwa. Katika miji ya pwani baraza ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, mahali pa kukaa jioni, kunywa kahawa, kubishana na kutegeana vitendawili. Ni neno la usawa, kwani walioketi barazani huonana uso kwa uso. Utawala ulipolichukua neno hilo na kulipeleka bara, ulikibakiza kitendo cha kuketi na kuuacha usawa. Meza ikawekwa upande mmoja na umati ukakaa chini upande wa pili. Angelique Haugerud, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu utamaduni wa siasa nchini Kenya, amelichambua baraza la Embu, ng'ambo ya mto Tana ukitoka Kitui, kama tamthilia yenye hadhira, waigizaji na taratibu zake. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba mwanaanthropolojia ndiye aliyeiona tamthilia hiyo, ilhali wahakiki wa tamthilia ya Kiswahili, ambao wengi wao walikua wakipelekwa barazani wakiwa watoto wa shule ili waimbe, hawakuitia katika orodha ya matini zao.

Ikitiwa, yafuatayo hudhihirika. Kwanza ni mpangilio wa sauti. Baada ya maombi na ngoma za akina mama, wasemaji hufuatana kwa kupanda ngazi: naibu wa chifu, chifu, mkuu wa tarafa, na mwishowe mkuu wa wilaya, ambaye neno lake halifuatwi na neno jingine isipokuwa la shukrani. Huu ni muundo wa kishairi, hata kama washairi hawatapenda kuambiwa hivyo, kwa kuwa kila msemaji humtayarishia njia anayefuata na maana yote hurundikwa mwishoni. Swali kutoka kwa umati haliwezi kuingia bila kuuvunja muundo huo. Anayeuliza hana haja ya kusema jambo la uasi ili aonekane mwasi. Inatosha kwamba amesema mahali pasipo pake.

Pili ni lugha. Wakuu wa wilaya kwa kawaida walitoka sehemu nyingine za nchi, hivyo walihutubu kwa Kiswahili, na maneno yao yakafasiriwa kwa Kikamba. Katika fasihi yetu ya kizalendo Kiswahili husifiwa kama lugha ya ukombozi na umoja. Sifa hiyo ina haki yake. Hata hivyo, kwa mwanamke mzee wa Mutomo au Kibwezi katika miaka ya 1970 na 1980, Kiswahili kilikuwa kwanza sauti ya serikali, lugha ya askari na ya stakabadhi. Mfasiri, aghalabu chifu mwenyewe au mwalimu, alisimama kati ya sauti mbili na alikuwa na uwezo ambao hakuna sheria iliyoutaja. Aliweza kufupisha, kulainisha, kuongeza kitisho chake mwenyewe, au kutia mzaha uliopita juu ya kichwa cha mgeni. Aliyezijua lugha zote mbili alisikiliza hotuba mbili na kuzilinganisha. Mhusika kama huyu, aliye mtumishi wa dola na wakati huo huo jirani wa wanaotawaliwa, hakuna mtunzi wa tamthilia ambaye angepaswa kumwacha ampite. Katika kazi zilizotajwa hapa hayumo.

Tatu ni sarufi ya amri, na hapa ndipo penye utajiri zaidi. Lugha ya baraza hupenda kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji: imeamuliwa, imeonekana, imekatazwa. Msikilizaji hupewa tendo, hapewi mtu wa kumwuliza. Halafu kuna kitenzi kuomba. Serikali inawaomba wananchi wachange. Chifu anawaomba wajitokeze. Kwa sura yake, hii ni lugha ya unyenyekevu, lakini hadhira ilielewa vyema kwamba ombi hilo halikuwa na jibu la pili. Aliyekosa kuchanga alijua kwamba barua ya kuombea kitambulisho, kibali cha sherehe na mahindi ya msaada, vyote vilipitia mikononi mwa yule yule aliyekuwa amemwomba. Katika nchi ya ukame jambo hilo si dogo. Ukambani njaa hupewa majina. Ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 inakumbukwa kama Nikw'a ngwete, maana yake nafa nikiwa nimeshika, yaani pesa zimo mkononi na chakula hakipatikani dukani. Mwaka 1984 Kenya iliagiza mahindi ya manjano kutoka nje. Mtu aliyeketi barazani mwaka huo akingojea jina lake lisomwe hakuhitaji kutishwa na mtu yeyote. Orodha ilitosha. Nalo neno kujitolea, ambalo kamusi hulieleza kama kufanya jambo kwa hiari, lilitumika kwa kazi ambayo mahudhurio yake yaliandikwa daftarini.

Wanasayansi wa siasa wamejitahidi kulipa jina utawala wa aina hii. Juan Linz, akiifikiria Hispania ya Franco, alitenganisha utawala wa kiimla, unaotaka kuimiliki hata nafsi ya raia kwa itikadi kamili, na utawala wa kimabavu, ambao huvumilia wingi wa vikundi kwa kiasi fulani, hauna itikadi ila una mwelekeo wa kifikra, na hutosheka raia akinyamaza. Kenya ya chama kimoja hukaa vizuri zaidi katika fungu la pili. Kifungu cha 2A kilitiwa katika katiba mwezi Juni 1982 na kuondolewa Desemba 1991, lakini hata katika miaka hiyo wabunge waliangushwa katika uchaguzi, makanisa yalisema, na mahakama ziliketi. Filosofia ya Nyayo haikuwa itikadi. Ilikuwa jazanda, na jazanda ya utiifu: anayefuata nyayo hutazama chini. Septemba 1984, aliporejea kutoka Addis Ababa, Rais Moi aliwataka mawaziri na viongozi wengine waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, kama yeye alivyokuwa ameimba wa Kenyatta. Kasuku haamini anachokisema wala hatakiwi kukiamini. Lisa Wedeen, akiandika mwaka 1999 kuhusu Syria ya Hafez al-Assad, alitoa hoja kwamba nguvu za utawala kama huo hutokana na kuwafanya watu watende kana kwamba wanaamini. Mtu aliyepiga makofi barazani Kitui angemwelewa bila mwalimu.

Kilele cha utendaji huo kilikuwa mlolongo. Tarehe 22 Februari 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, wapiga kura walipanga mstari nyuma ya mgombea au wakala wake, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila kupingwa. Malalamiko yalitoka kote nchini kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu, na mlolongo ukaachwa baada ya kamati ya Saitoti kuwasikiliza wananchi mwaka 1990. Ukitazamwa kama tendo la kifasihi, mlolongo ni wa kustaajabisha. Kura, ambayo ni ishara iliyoandikwa na kufichwa, iliondolewa, na mwili wa mtu ukawekwa mahali pake. Mwili haukanushiki. Waliosimama walijua wamesimama wapi, majirani walijua, na chifu alijua. Kisha likatangazwa neno lililopingana na walichokiona wote kwa macho. Uwongo wenyewe ni sehemu ndogo ya udhalimu huo; kikubwa ni kwamba ulisemwa mbele ya mashahidi elfu moja, kisha mashahidi hao wakatakiwa kuimba.

Baada ya kupita barazani, tamthilia zetu husomeka kwa namna nyingine. Mstahiki Meya ina hasira ya kweli juu ya zahanati isiyo na dawa na wafanyakazi wasiolipwa, lakini kila kitu hutendeka karibu sana na meza ya Meya Sosi, na anapokamatwa mwishoni, msomaji huachwa aamini kwamba mji umetibiwa. Kigogo inakaribia utendaji zaidi. Onyesho ambamo Kenga analeta keki kwa wachongaji wa vinyago ni bora kuliko mengi yanayolifuata, kwa kuwa swali linaloulizwa pale ni dogo na zito: nani atakula? Boza anakula, Sudi anakataa, na katika mdomo unaotafuna na ule usiotafuna utawala mzima wa Majoka unaonekana ukifanya kazi yake ya kila siku. Ni hasara kwamba baada ya hapo tamthilia inarudi kwenye njia iliyozoeleka, yaani shujaa, maandamano, na dhalimu aliyebaki peke yake.

Kazi inayostahili kupewa nafasi ya juu ni Kifo Kisimani, ijapokuwa ndiyo inayoonekana kuwa na mtemi wa kale zaidi. Mwandishi wake ni mzaliwa wa Tharaka, nchi kavu inayopakana na Kitui, na aliijua maana ya kisima. Mwelusi hauawi na Bokono, wala hauawi na askari. Anauawa na Gege, ndugu yake, aliyeahidiwa kumwoa Alida binti wa mtemi. Amri imetoka ikuluni, imepita katika ahadi ya posa, ikaingia nyumbani kwa Nyalwe, na kutokea kisimani ikiwa mkononi mwa mtoto wa mama mmoja. Hiyo ndiyo njia ambayo tamthilia nyingine hazikuichora. Wahakiki wamezoea kumhukumu Gege kama msaliti na kumwacha hapo. Wangemtazama kama ofisa, mtu mdogo aliyekabidhiwa kazi ya dola kwa malipo ya dola, wangeona kwamba yeye ndiye mhusika wa kisiasa kuliko wote katika tamthilia hiyo. Walenisi, kwa upande wake, huruka kutoka hukumu ya kidhalimu hadi nchi ya haki, na kati ya hapo hamna tarafa wala lokesheni. Uzuri wake ni wa ndoto, na ndoto hiyo ilikuwa na gharama yake kwa aliyeiota.

Gharama hiyo ndiyo hoja kuu inayoweza kutolewa kuwatetea waandishi. Abdilatif Abdalla alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa ajili ya kijikaratasi. Alamin Mazrui aliwekwa kizuizini mwaka 1982, na Katama Mkangi mwaka 1986. Nakala za Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o zilichukuliwa madukani mwaka 1987. Kumtaka mwandishi wa miaka hiyo aandike kuhusu chifu fulani wa lokesheni fulani ni kumtaka ajipeleke korokoroni. Utetezi huo ni halali kwa kazi za kabla ya mabadiliko. Hauwezi kutumiwa kwa urahisi kwa zile za 2009 na 2015, zilizoandikwa baada ya KANU kuondoka madarakani mwaka 2002. Hapo sababu ni nyingine, na huenda ni ya kibiashara zaidi. Kitabu teule cha shule za upili lazima kisomeke Lamu na Busia bila kumkera mtu, na nchi isiyokuwa na jina haiwezi kulalamika. Fumbo lililozaliwa kama ngao limekuwa sare ya shule. Matokeo yake hayaishii katika sanaa. Vijana waliofundishwa kwamba udhalimu ni mtu mmoja mwenye tumbo kubwa hujifunza kungojea aanguke; lakini Kitui na Makueni, watawala walipobadilika mwaka 2002, uwanja ulibaki palepale, na meza juu yake.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa huko walikuwa kimya. Mwethya, kikundi cha kazi za ujima, ulichukuliwa na wakoloni na kugeuzwa shuruti ya kuchimba matuta, kisha kuanzia miaka ya 1950 vikundi vikaanza kujichagulia viongozi wao wenyewe, wengi wakiwa wanawake. Nyimbo za kazi zilikuwa na nafasi ya kumsema mkubwa bila kumtaja. Charity Ngilu, mzaliwa wa Mbooni huko Makueni, alipochaguliwa mbunge wa Kitui ya Kati mwaka 1992 na kugombea urais mwaka 1997, wito wa kampeni yake ulikuwa Masaa ya Ngilu. Wasafihi wa lugha walikumbusha, na wana haki, kwamba wingi wa saa ni saa. Lakini wito huo ulikuwa na kitu ambacho hotuba ya baraza ilikikwepa kwa miongo mingi, nacho ni mwenyewe aliyetajwa kwa jina na wakati uliodaiwa kuwa wake. Kosa la sarufi limewahi kusema kweli kubwa kuliko kauli nyingi za kutendwa zilizo sanifu.

Tangu mwaka 2013 uwanja mmoja huko Makueni huweza kubeba mikusanyiko miwili. Chifu, aliye chini ya serikali ya kitaifa, huitisha baraza lake kama zamani. Serikali ya kaunti nayo, katika utaratibu ulioimarishwa wakati wa ugavana wa Kivutha Kibwana kati ya 2013 na 2022, huwakusanya watu kuanzia ngazi ya kijiji ili wapange miradi na kuchagua kamati zao, na kamati hutakiwa kuridhia kazi kabla mkandarasi hajalipwa. Utaratibu huu una wakosoaji wake na haujamaliza ukubwa wa wakubwa. Hata hivyo, kwa mwandishi wa tamthilia umeleta mkasa ambao Butangi na Sagamoyo hazikuuwazia: watu wale wale, wakiwa wameketi kwenye nyasi zile zile, asubuhi wameambiwa imeamuliwa, na alasiri wanaulizwa kama bwawa la mchanga lililojengwa mtoni linashika maji. Mwenyekiti wa kamati, mama ambaye kwa miaka 30 alikuja hapa kuimba, anashikilia kalamu na bado hajatia saini.